Uso Wako, Picha ya Nani?

Mwaka huu nimeonelea niwaeleze kuhusu picha za watu mashuhuri katika matangazo ya mavazi na vipodozi. Huenda mwenzangu akauliza, "Sisi wa Meru na Embu tunahusikaje na mambo ya Paris na New York?" Tunahusika sana. Ingia saluni yoyote pale Makutano, Meru, au mjini Embu. Utakuta ukuta umejaa nyuso za warembo, na mteja akiketi tu ananyosha kidole: "Nitengeneze kama huyu." Je, huyo "huyu" ni nani hasa?

Kwanza tuelewe tangazo linavyofanya kazi. Mwanamitindo wa kawaida huajiriwa aonyeshe nguo, na jina lake pengine hulijui. Mtu mashuhuri huajiriwa kwa sababu ya uso wake. Ndiyo maana mpiga picha humsogelea karibu na kumwambia atazame kamera, hata wewe ukadhani anakutazama wewe. Maneno huwa machache, mara nyingi jina la kampuni basi. Sifa alizozipata kwa jasho lake katika filamu au riadha zinahamia kwenye chupa ya manukato.

Picha hiyo haitengenezwi na mtu mmoja. Kuna wa kumpaka vipodozi, msusi, na wa taa ambaye hufunika taa kwa kitambaa cheupe ili mwanga uwe laini na mikunjo isionekane. Mwisho kuna fundi wa kompyuta anayefuta chunusi, kunyoosha nywele, hata kubadilisha rangi ya ngozi. Mwenye uso ni mmoja, lakini waamuzi ni wengi.

Chukueni kisa cha Iman, Msomali aliyezaliwa Mogadishu mwaka wa 1955, bintiye balozi. Mwaka wa 1975 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na alijua lugha tano. Mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimkuta barabarani jijini Nairobi akamwomba ampige picha. Iman hakukubali bure; alitaka alipiwe karo ya chuo. Alipofika New York alikuta magazeti yameambiwa ati yeye ni mchungaji wa mifugo aliyeokotwa nyikani, hajui hata Kiingereza! Kumbe picha inaweza kuwa ya kweli na maelezo yake yawe uongo mtupu. Hadithi ya nyikani iliuza kuliko ya msomi wa chuo kikuu. Tena, alipoanza kazi, mpaka vipodozi alimwuliza kama amekuja na poda yake mwenyewe, kwani hakuwa na ya rangi yake. Mwaka wa 1994 Iman akaanzisha kampuni yake ya vipodozi kwa wenye ngozi kama yetu.

Kisha kuna Lupita Nyong'o wetu. Mwaka wa 2014 alishinda tuzo ya Oscar, na muda si muda kampuni ya Lancôme ya Ufaransa ikamchukua awe uso wa bidhaa zake. Mwaka huo huo alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe. Kilichomtia moyo ni kumwona Alek Wek wa Sudan Kusini, mwanamitindo mweusi tititi, akisifiwa ulimwenguni. Basi picha inaweza pia kuponya. Lakini mwaka wa 2017 gazeti la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita kwenye jalada baada ya kufuta sehemu ya nywele zake na kulainisha zilizobaki. Hakuwa ameulizwa. Alilalamika hadharani, na mpiga picha akaomba radhi. Ikiwa nyota wa Oscar anaweza kufutwa nywele, mimi na wewe je?

Jibu lake ninalo hapa nyumbani. Binamu yangu alipigwa picha katika studio moja. Baada ya wiki mbili tukaiona imebandikwa nje kama tangazo, uso wake umeng'arishwa hadi mama yake akauliza, "Huyu ni wa nani?" Hakuna aliyemwomba ruhusa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba watu walimwambia anapendeza hivyo kuliko alivyo.

Wenzangu, Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Picha yako inayokutambulisha ni data yako. Anayetaka kuitumia kutangaza biashara yake lazima apate idhini yako, na ukiwa chini ya miaka 18, idhini ya mzazi au mlezi. Mwenye studio akisema ati ni yake kwa kuwa kamera ni yake, mwambie kwa heshima kwamba sheria haisemi hivyo.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisemi tusifurahie picha nzuri. Hata mimi nazipenda. Nasema tu, kabla ya kunyosha kidole saluni au kununua krimu ya kujichubua, jiulize: nani ameilipia picha hii, nini kimefutwa, na mwenyewe aliulizwa? Usiache mbachao kwa msala upitao. Ngozi uliyozaliwa nayo hakuna fundi wa kompyuta atakayekurudishia ukishaiharibu.