Karatasi ya Mirathi na Fungu la Binti wa Pili

 

Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita walitujia watu wanne wa familia moja inayoishi kaskazini mwa Mombasa: mzee mmoja, dada yake ambaye umri wake umepita miaka themanini, na vijana wawili. Walikuwa na shamba la minazi walilotaka kuliuza. Mnunuzi alipodai karatasi, ikabainika kwamba hati bado ina jina la babu yao mkuu, aliyefariki katika miaka ya ishirini ya karne iliyopita. Hawakutaka zaidi ya kuandikiwa orodha ya warithi ili waipeleke mbele ya Kadhi. Nasi tulidhani ni kazi ya alasiri moja.

Walituhadithia mambo matatu waliyoyapokea kwa wazee wao. La kwanza, babu huyo alikuwa wa ukoo fulani mashuhuri wa pwani, ambao hatutautaja. La pili, alipofariki hakuacha mtoto ila binti mmoja, naye ndiye bibi yao. La tatu, mtu mmoja wa ukoo ule ule alikuja baada ya matanga akamega kipande cha shamba upande wa magharibi, akamdhulumu yatima wa kike. Kwa sababu hiyo, nyumba mbili hizi hazikuozana wala kuzikana kwa vizazi vitatu.

Tukawaambia waanze na ardhi, kisha tutafute mirathi. Yafaa tueleze kwa nini, maana familia nyingi za pwani zina hazina hii wala hazijui ilipo.

Ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliingia kuutawala kwa mkataba wa mwaka 1895. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi. Kila aliyedai kumiliki ardhi katika ukanda huo alitakiwa apeleke madai yake mbele ya mwandikishaji maalumu, aeleze mipaka na alete ushahidi. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wengi walipoteza mashamba ya wazee wao kwa njia hiyo: huyu hakupata habari, yule alikuwa safarini, mwingine aliona si jambo la akili kwenda kuomba kilicho chake. Hiyo ni dhuluma yenye makala yake. Lakini sheria hiyo, bila ya kukusudia, iliwalazimisha wazee wetu waseme mbele ya karani wao ni nani na wameipataje ardhi.

Mwenye kudai alieleza kama amenunua, amerithi au amepewa hiba. Aliyesema amerithi alitaja kwa nani, na hapo ndipo jina la babu wa babu linapojitokeza. Mipaka nayo ina habari zake: kaskazini shamba la fulani bin fulani, kusini njia ya kisimani, mashariki shamba la binti fulani. Jirani wa mpaka mara nyingi huwa ni ndugu, kwa kuwa mashamba mengi yalikuwa shamba moja kabla ya kugawanywa. Utaona pia wanawake wengi wakidai na kupewa hati kwa majina yao wenyewe, jambo ambalo baadhi ya wanaume wa leo wangependa lisisemwe.

Vyeti vilivyotolewa vilikuwa vya aina tatu: cha umiliki, cha rehani na cha maslahi. Hiki cha tatu kiliwafaa wenye minazi au nyumba juu ya ardhi ya mwingine, kwani kwa desturi ya pwani mti wawezekana kuwa wa huyu na udongo wa yule. Na anayesoma rehani asifanye haraka kusema kwamba babu aliuza shamba. Nyingi zilikuwa bei ya khiyari, ambapo mwenye shamba hulikabidhi kwa mkopeshaji kwa sura ya mauzo, akabaki na haki ya kulikomboa, na huku analipa kitu kiitwacho kodi. Maoni yetu ni kwamba nyingi katika hizo ni riba iliyovishwa kanzu. Hata hivyo, kwa mtafuta nasaba ni karatasi zenye faida kubwa, kwa kuwa mkopeshaji makini hakutoa fedha mpaka ajue warithi wote wa shamba ni akina nani.

Majina yanahitaji subira. Makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia, hata mtu mmoja akawa na majina matatu katika jalada moja. Karatasi za makadhi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na tarehe za Hijria, na mwaka wa Hijria hufika mapema kila mwaka kwa takriban siku 11. Mwaka 1326, kwa mfano, ulianza Februari 1908. Anayelinganisha jalada la ardhi na karatasi ya Kadhi bila kuzingatia hilo humzika mtu kabla hajafa. Vilevile, neno lililoandikwa na serikali mbele ya jina, kama Mwarabu au Mswahili, lisichukuliwe kuwa ushahidi wa nasaba. Utawala ule uliwagawa watu kwa makabila, ukawapa wengine kodi nyepesi na haki zaidi, na binadamu akiulizwa swali ambalo jawabu lake lina bei, hujibu kwa kupima.

Vijana wale walirudi baada ya wiki kadhaa. Walikuwa wamelipata jalada la madai ya ardhi, na pamoja nalo nakala ya karatasi ya mgawanyo wa mirathi kwa Kiarabu. Walikuwa wamekwisha kuifasiriwa na mtu mwingine, ambaye aliwaambia kwamba inathibitisha kila walichokijua. Tukaisoma.

Msomaji aliyepita madrasa anafahamu kwamba mafungu ya mirathi, kama yalivyopangwa katika Suratun-Nisaa aya ya 11, 12 na 176, ni kama mti wa nasaba ulioandikwa kwa hesabu. Mke akipata thumni, marehemu aliacha mtoto. Akipata robo, hakuacha. Mama akionekana na sudusi, ujue alikuwa hai siku mwanawe alipokufa, na kwamba palikuwa na watoto au ndugu zaidi ya mmoja. Mabinti wakipewa thuluthi mbili, ujue hapakuwa na mtoto wa kiume, na kwamba mabinti hao ni wawili au zaidi.

Karatasi ile iligawanya mali kwa mafungu 24. Mke alipata 3. Mabinti walipata 16, na yaliyobaki 5 alipewa mwanamume mmoja kwa jina lake. Tuseme shamba lilikuwa na minazi 240: ya mke 30, ya mabinti 160, ya mtu huyo 50. Hesabu ni sawa, wala hapana tone la dhuluma ndani yake. Hayo 5 ndiyo kipande cha magharibi kilicholeta uhasama wa vizazi vitatu.

Lakini kwa nini alipewa? Mfasiri wa kwanza alisema ni binamu wa marehemu, kwa sababu ameitwa mawla. Hakukosea moja kwa moja. Neno hilo lina maana nyingi katika Kiarabu: bwana, mtumwa aliyeachwa huru, mshirika, na hata mtoto wa ami. Karatasi, hata hivyo, haikuishia hapo. Kadhi aliandika kwamba mtu yule amechukua kilichobaki kwa walaa, kwa kuwa ni mtoto wa aliyemwacha huru marehemu. Katika fiq-hi yetu ya Kishafii, aliyeachwa huru akifa bila asaba wa nasaba, kinachobaki baada ya wenye mafungu huenda kwa aliyemwacha huru, na kama amekufa, kwa asaba wake wanaume. Tukarudi kwenye jalada la ardhi. Humo marehemu mwenyewe, akiwa hai, alieleza mbele ya karani kwamba aliachwa huru na fulani, na kwamba shamba alilinunua kwa fedha zake kwa jirani, akataja na mashahidi. Utumwa uliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Yeye alikuwa ameachwa na bwana wake kabla ya hapo.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shekhe, karatasi hii irudishe ulikoitoa."

Tulimfahamu, wala hatukumlaumu. Posa zimevunjika katika miji yetu kwa maneno madogo kuliko haya, na wapo wanaolitumia suala la kafaa kama fimbo. Tulimkumbusha kwamba Nafi', aliyepokea elimu kwa Ibn Umar na Imam Malik akaipokea kwake, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka, alikuwa wa asili hiyo. Tukamkumbusha na Zaid bin Haritha, ambaye watu walimwita kwa jina la Mtume (S.A.W.) mpaka iliposhuka amri ya Suratul-Ahzab aya ya 5 kwamba watu wanasibishwe na baba zao. Mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali ya kuwa anajua, makemeo juu yake ni makali katika hadithi sahihi. Na huyu babu hakudanganya. Mbele ya serikali alisema ukweli wake kwa mdomo wake. Waliokuja baada yake ndio waliouona mzito. Mtu aliyetoka utumwani, akalima, akaweka akiba, akanunua shamba na kulitetea mahakamani, sisi tunamwona ni wa kutajwa kwa fahari.

Hata hivyo, tulimwambia, jambo zito la karatasi hii si hilo. Ni kwamba mabinti walikuwa wawili.

Jina la binti wa pili limeandikwa wazi, pamoja na jina la mama yake, ambaye si yule mke aliyerithi. Imeandikwa kwamba anakaa Pemba kwa ndugu wa mama yake, na kwamba fungu lake, 8 katika 24, limewekwa mikononi mwa mume wa dada yake awe wakili wake mpaka atakapokuja au kumtuma mtu. Karatasi nyingine inayoonyesha kwamba alikuja haikupatikana. Familia iliyotujia ikitafuta aliyewadhulumu ilikuwa imekaa juu ya amana ya mtu kwa karibu miaka mia.

Hapo yule bibi, ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema neno, alituomba tumsomee jina lile mara ya pili. Akasema kwamba alipokuwa mtoto, bibi yake alikuwa akikataa minazi ya upande wa kisimani iuzwe, akisema, "Hii ina mwenyewe." Watoto walifahamu kwamba ni pepo, na wakati wa magharibi hawakupita huko.

Kijana mmoja, msomi wa sheria, alituuliza kama haki hiyo haijapitwa na wakati. Suali lake lilikuwa la haki. Sheria ya nchi imeweka miaka 12 kwa anayetaka kurejeshewa ardhi, na wanasheria wana maneno yao juu ya ardhi iliyoshikwa kwa amana. Kwa upande wa dini, fungu la mrithi haliondoki kwa kukaa, na wakili aliyeshika mali hawi mwenye mali kwa sababu mwenyewe amechelewa. Tangu marekebisho ya mwaka 1990, sheria ya Kenya inakubali mirathi ya Muislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 170 imeithibitisha mahakama ya Kadhi kwa wanaokubali hukumu yake. Njia ilikuwapo. Kilichotakiwa ni nyoyo.

Mzee aliomba siku tatu. Siku ya nne alitupigia simu, akasema mnunuzi ameambiwa asubiri. Mnunuzi hakusubiri. Fedha alizokuwa ameahidi zilikuwa nyingi, na mmoja wa vijana wale alikuwa amezitegemea kwa karo ya watoto, kwa hiyo hatutasema kwamba wote waliridhika. Walikubaliana kwamba thuluthi ya kila angu la nazi iwekwe kando kwa jina la binti wa pili, na hesabu ya munasakha, yaani ya warithi waliofariki mmoja baada ya mwingine, tuifanye warithi wake watakapojulikana. Mafungu 3 ya mke nayo yana watu wake. Kisha mzee alichukua kofia na bakora, akaenda kwenye nyumba ya ukoo uliopata kile kipande cha magharibi, akaomba radhi kwa maneno yaliyosemwa tangu enzi za bibi yake. Alipokewa kwa kahawa.

Barua zilipelekwa Pemba. Tangazo lilisomwa baada ya swala ya Ijumaa katika misikiti ya huko, na ndugu mmoja alitusaidia kutafuta katika majalada ya mirathi yaliyomo kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Katika tangazo tulitaja jina la binti na la baba yake tu. Jina la mama tulilificha makusudi, ili atakayekuja alitaje yeye. Mpaka tunaandika makala haya, wamejitokeza watu wawili. Wa kwanza alitaja mama mwingine. Wa pili ni mwanamke wa Wete, naye amelitaja jina lenyewe. Tunasubiri karatasi za nyanya yake.