Upigaji picha wa ndege wa ardhioevu

Upigaji picha wa ndege wa ardhioevu ni shughuli ya kupiga picha ndege wa mwituni katika maziwa, vinamasi, mabonde ya mito, mikoko na fukwe za matope. Wengi wanaoifanya hawalipwi: ni walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisini, wastaafu na wengineo wanaotumia siku za mapumziko kutembelea hifadhi na maeneo yenye ndege wengi. Picha zao huwafurahisha wenyewe na jamaa zao. Zikiandikwa tarehe na mahali, huwa pia ushahidi wa ndege gani alionekana wapi na lini. Ushahidi huo una thamani pale tu ndege alipoachwa aendelee na shughuli zake. Anayemfukuza ndege kutoka kiotani au mahali pa kupumzikia anaweza kupata picha, lakini huharibu kile alichokwenda kukiona.

Afrika ya Mashariki ina nafasi ya pekee katika shughuli hii. Kenya, Tanzania na Uganda kila moja ina spishi zaidi ya 1,000 za ndege, na sehemu kubwa ya ndege wa maji huonekana kwa urahisi kwa sababu hukaa mahali pa wazi.

Historia

Picha za kwanza za ndege wa mwituni zilikuwa ngumu kupatikana. Kamera zilikuwa nzito, zilitumia vioo vyenye dawa na zilihitaji mwanga mwingi, kwa hiyo wapiga picha walianza na viota na mayai, vitu visivyokimbia. Nchini Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892. Mwaka 1895 walitoa kitabu kuhusu viota vya ndege wa Uingereza kilichopambwa kwa picha za kamera. Ili kuwakaribia ndege walijificha hata ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kama mnyama aliyesimama. Baadaye Cherry Kearton alifika Afrika ya Mashariki na kupiga picha za wanyamapori.

Mfano mzuri wa picha iliyokuwa ushahidi ulitoka katika vinamasi vya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Huko Emma Turner alipiga picha mwaka 1911 ya kinda la Botaurus stellaris, ndege wa jamii moja na yangeyange anayejificha ndani ya matete. Ndege huyo alikuwa ameacha kuzaliana nchini humo mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu ya uwindaji na kukaushwa kwa vinamasi. Picha ya Turner ilithibitisha kwamba amerudi kuzaliana.

Kwa miaka mingi gharama ya filamu iliwazuia watu wengi. Mkanda wa kawaida ulitoa picha 36 tu, na mpiga picha hakujua amepata nini mpaka zisafishwe. Kamera za dijitali ziliondoa kikwazo hicho, kwani mtu anaweza kupiga mamia ya picha kwa siku moja na kuziangalia hapohapo.

Mahali na nyakati

Maeneo mengi yanayotembelewa yamo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971. Ziwa Nakuru lilikuwa la kwanza nchini Kenya kuingizwa, mwaka 1990. Tanzania ilianza na eneo la Malagarasi-Muyovozi mwaka 2000, ikafuatiwa na bonde la Ziwa Natron na bonde la Kilombero. Uganda iliingiza ghuba ya Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 2006.

Kila eneo lina ratiba yake. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa wageni hufuata heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Heroe mdogo (Phoeniconaias minor) hula hasa mwani mdogo sana unaostawi katika maji ya magadi, naye huhama kutoka ziwa moja hadi jingine kwa kufuata chakula hicho. Kwa hiyo ziwa lililojaa ndege mwaka huu linaweza kuwa karibu tupu mwaka ujao.

Pwani, saa hupangwa na bahari. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, vitwitwi na sululu hutawanyika kwenye matope maji yanapokupwa, wakitafuta minyoo na kaa. Maji yanapojaa hukusanyika kwenye sehemu ndogo iliyobaki kavu. Wengi wao ni wageni kutoka Ulaya na Asia ya Kaskazini, ambao hukaa katika pwani ya Afrika ya Mashariki takriban kuanzia Agosti au Septemba hadi Aprili.

Vifaa na mbinu

Ndege ni mdogo na huwa mbali, kwa hiyo lenzi ndefu hutumika, aghalabu ya milimita 300 hadi 600. Asiye na lenzi ya namna hiyo anaweza kushikiza simu kwenye darubini na kupata picha inayotosha kumtambua ndege. Lenzi ndefu hukuza pia mtikisiko wa mikono, ndiyo maana huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Ndani ya gari watu hutumia mfuko wa maharage au mchanga uliowekwa kwenye dirisha, na injini huzimwa ili isiitikise kamera. Gari lenyewe ni maficho mazuri: ndege wengi walioizoea barabara ya hifadhi hawaliogopi, lakini huruka mara mtu anaposhuka.

Kwa ndege aliyetulia, kasi ya shata ya sehemu moja ya 500 ya sekunde mara nyingi inatosha. Ndege anayeruka huhitaji sehemu moja ya 1,000 au 2,000, hasa wadogo kama mdiria anayepigapiga mabawa hewani kabla ya kuchupa majini. Fokasi huwekwa kwenye jicho, kwa sababu picha ambayo jicho lake halionekani vizuri huwa kama haina uhai.

Ndege weupe huleta tatizo maalumu. Yangeyange akisimama mbele ya mafunjo yenye kivuli, kamera hupima giza lililo nyuma yake na kuongeza mwanga, na manyoya yake huwa doa jeupe lisilo na alama yoyote. Dawa yake ni kupunguza mwanga kidogo kabla ya kupiga, kwa maana manyoya yaliyopotea hivyo hayawezi kurudishwa kwa kompyuta.

Karibu na ikweta jua hupanda upesi, kwa hiyo mwanga laini haukai muda mrefu. Saa zinazofaa ni tangu saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Mchana hewa iliyo juu ya matope ya moto hutetema na kuikungia picha ya ndege aliye mbali. Hakuna lenzi, hata ya bei kubwa, inayoondoa mtetemo huo.

Picha kama kumbukumbu

Picha isiyo nzuri machoni inaweza kuwa na thamani kubwa. Ndege adimu akitajwa kwa maneno tu, mabingwa wanaweza kutia shaka. Akionyeshwa kwa picha, rangi ya miguu na umbo la mdomo vinaweza kuchunguzwa na wengine. Tovuti kama eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002, na iNaturalist hupokea picha pamoja na tarehe na mahali. Nchini Kenya taarifa za watu wa kujitolea hukusanywa pia katika mradi wa Kenya Bird Map, unaochora mtawanyiko wa spishi nchini.

Picha husaidia pia kuhesabu. Kila mwaka mwezi wa Januari ndege wa maji huhesabiwa katika nchi nyingi, na kundi lililopigwa picha linaweza kuhesabiwa upya mezani bila haraka. Aidha, ndege wengine wamevishwa pete zenye herufi na namba miguuni. Picha inayosomeka huonyesha alikotoka ndege huyo bila kumkamata.

Baada ya miaka kadhaa, picha za kawaida huonyesha mabadiliko ya mahali. Tangu takriban mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru yameongezeka sana, yakafunika barabara na misitu ya kando. Magadi yalipungua ukali, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Anayelinganisha picha za wageni wa zamani na za sasa huona ufuo ulipokuwa na ndege waliokuwapo, hata kama aliyezipiga hakuwa na nia ya kuandika historia.

Madhara kwa ndege

Hatari kubwa ni kukaribia mno. Ndege wahamiaji wa pwani hawana budi kunenepa kabla ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa hutumia nguvu waliyoikusanya. Maji yakijaa wanakuwa wengi mahali pamoja, na hapo ndipo picha inapovutia zaidi. Lakini ndio wakati wao wa kupumzika, na hawana pengine pa kwenda. Mpiga picha mwangalifu huketi mahali pake kabla maji hayajajaa na kuwaacha ndege wenyewe wamsogelee.

Kiotani madhara huja upesi zaidi. Katika nchi za joto, mzazi hukaa juu ya mayai pia ili kuyakinga na jua. Akifukuzwa adhuhuri, mayai yanaweza kuharibika kwa muda mfupi, au kunguru akayachukua. Kukata majani yanayoficha kiota ili kionekane vizuri ni kumwonyesha adui njia. Ziwa Natron ndilo mahali pekee katika Afrika ya Mashariki ambapo heroe wadogo huzaliana mara kwa mara, na kila jozi hutaga yai moja tu. Kuwatia hofu ndege hao kwa droni au kwa ndege inayoruka chini ni kuhatarisha kizazi kizima cha mwaka huo. Katika hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania droni hazirushwi bila kibali.

Kutangaza mahali nako kunaweza kudhuru. Korongo mwenye taji (Balearica regulorum), ndege wa taifa wa Uganda, hutaga katika vinamasi na ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Sababu mojawapo ni kukamatwa kwa ajili ya biashara. Nchini Rwanda wengi waliwahi kufugwa katika bustani za hoteli na nyumba za watu. Simu nyingi huhifadhi mahali halisi ndani ya faili ya picha. Kwa hiyo picha ya kiota cha ndege kama huyo huondolewa taarifa hiyo kabla ya kuwekwa hadharani, na mahali hutajwa kwa jina la wilaya tu.

Wenyeji na waongozaji

Mabamba inaonyesha jinsi wageni wenye kamera wanavyoweza kubadili hali ya ndege. Humo anaishi korongo-nyangumi (Balaeniceps rex), ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye husimama kimya muda mrefu akimvizia kambare au kamongo. Zamani wavuvi walimwona kuwa ndege wa nuksi: aliyekutana naye hakutarajia kupata samaki siku hiyo, na wengine walimuua. Leo baadhi ya wenyeji huwapeleka wageni kwa mitumbwi na kulipwa, kwa hiyo ndege aliye hai ana faida kwao.

Hata hivyo mapato hayo huleta kishawishi. Mgeni aliyetoka mbali hutaka mtumbwi usogee zaidi, naye mwongozaji huona vigumu kukataa mbele ya mtu anayemlipa. Mitumbwi kadhaa ikimzunguka ndege mmoja, huacha kuwinda na kuondoka. Kwa sababu hiyo anayeagiza mtumbwi ana wajibu wa kusema mapema kwamba hahitaji kusogezwa kupita kiasi. Ishara ni rahisi kuzitambua: ndege akiacha kula, akinyoosha shingo, akimkazia macho mtu au akianza kutembea kwenda mbali, umbali unaofaa umekwisha kupitwa, na mtumbwi hurudishwa nyuma polepole.