Mazoezi ya Dansi za Mashindano



Mtu atazamapo bwana na bibi wakicheza rumba katika mashindano, huona mavazi ya fahari, viatu ving'aavyo na nyuso za furaha, naye hudhani ya kuwa watu hao wamezaliwa wepesi. Jioni hii nataka kuwaeleza kazi asiyoiona mtazamaji huyo, na sababu ya kazi hiyo kuwa ya lazima.

Kwanza tuzijue dansi zenyewe. Katika mashindano ya dansi za Kilatini huchezwa dansi 5, nazo ni samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jive. Samba asili yake ni Brazil. Rumba na cha-cha-cha zatoka Cuba. Paso doble huigiza mchezo wa Hispania wa kupambana na fahali. Bwana ndiye mpambanaji, na bibi mara nyingi huwa mfano wa kile kitambaa kitikiswacho mbele ya mnyama. Jive ilitokana na dansi za Wamarekani weusi. Tena midundo ya Brazil na Cuba si migeni kabisa kwetu, kwa kuwa Waafrika wengi walichukuliwa utumwani mpaka nchi hizo, nao walikwenda na ngoma zao mioyoni.

Lakini kanuni za mashindano zilitungwa hasa Uingereza. Mwalimu mmoja wa dansi wa London, jina lake Pierre Zurcher-Margolle, alisafiri mpaka Cuba mwaka 1947 ili aone jinsi wenyeji wanavyocheza. Aliona ya kuwa katika rumba yao hatua ya mbele hukanyagwa katika kipigo cha pili cha muziki, wala si cha kwanza. Aliporudi alifundisha hivyo, na baada ya ubishi mrefu hesabu hiyo ilikubaliwa. Hata leo ndiyo ifuatwayo. Huko Blackpool, mji wa pwani ya Uingereza, mashindano makubwa ya dansi yalianza mwaka 1920, na dansi za Kilatini ziliingizwa humo mwaka 1961.

Sasa fikirini hali ya mwamuzi. Tuseme jozi 24 zimefika, nazo zimegawanywa mafungu mawili, jozi 12 zikaingia uwanjani pamoja. Muziki utapigwa dakika 1 na nusu, yaani sekunde 90. Gawanyeni 90 kwa 12, mtapata sekunde 7 na nusu. Basi huo ndio muda awezao kuipa kila jozi, kama akiugawa sawasawa. Waamuzi husimama kandokando ya uwanja, kila mmoja na karatasi yake, wala hawashauriani. Katika duru za mwanzo huandika nambari za jozi wanazotaka zirudi, kwa kawaida kama nusu yake. Zilizobaki huenda zao. Katika duru ya mwisho, ambayo kwa desturi huwa na jozi 6, kila mwamuzi huzipanga toka ya 1 hata ya 6, na wingi wa waamuzi ndio ukatao shauri. Waamuzi wakiwa 7, na 4 kati yao wakiiweka jozi moja kuwa ya 1, ndiyo iliyoshinda dansi ile.

Mimi ni mwalimu, na jambo hili hunikumbusha mkaguzi wa shule. Mkaguzi hana nafasi ya kusoma daftari zima la kila mwanafunzi. Hulifungua mahali po pote, akatazama ukurasa mmoja, akalifunga. Ole wake mwanafunzi aliyeandika vizuri ukurasa wa kwanza tu! Ndivyo ilivyo kwa mchezaji wa dansi. Hajui ni wakati gani mwamuzi atamtupia jicho. Kwa hiyo mazoezi yake yote yana shabaha moja, ya kwamba kila hatua, hata ile ndogo ya katikati, iwe safi.

Mazoezi huanza miguuni. Watu wengi hudhani ya kuwa nyonga za mchezaji wa rumba hutikiswa kwa makusudi. Sivyo. Mchezaji hukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisha hushusha kisigino, hunyosha goti, na kuuhamisha uzito wote wa mwili juu ya mguu ule; hapo nyonga huenda upande kwa nafsi yake. Mwenye kutikisa nyonga bila kuhamisha uzito hutambulikana mara moja. Ndiyo maana hata mabingwa huzirudia hatua za msingi mbele ya kioo, polepole, kila mtu peke yake, kama seremala anoaye randa kabla ya kazi. Hata viatu vina kazi yake: nyayo zake ni za ngozi laini isiyong'arishwa, nayo hupigwa brashi ya waya ili isiteleze.

Kisha huja kazi ya wawili. Bwana huongoza na bibi hufuata. Lakini mwenye kuongoza hasukumi. Huuhamisha mwili wake mwenyewe kwanza, na bibi huipata habari ile kwa mkono. Bibi naye asitangulie kwa kubahatisha, maana akifanya hivyo wote wawili hupotea. Cha-cha-cha ina vipigo 120 hivi kwa dakika, na kosa la mmoja huonekana katika hatua ya pili ya mwenziwe. Hapa ndipo jozi nyingi huvunjika, kwa kuwa siku ya uchovu kila mtu huona kosa la mwenzake tu. Dawa yake ni kucheza taratibu bila muziki, mmoja akihesabu kwa sauti, mpaka lijulikane kosa lilipoanzia. Dawa hii ni chungu, kwa maana mara nyingi kosa huonekana kwa yule aliyelalamika.

Mwisho ni pumzi. Jive huchezwa baada ya nyingine zote, nayo ina vipigo zaidi ya 160 kwa dakika, magoti yakipanda na miguu ikirushwa mbele. Anayejifunza dansi moja moja, akipumzika sana baina yake, atashindwa hapo. Basi jozi hucheza dansi zote 5 mfululizo, kwa nyimbo wasizozijua, kwa kuwa hata siku ya mashindano hawachagui wimbo. Katika samba na paso doble, ambazo huzunguka uwanja kinyume cha saa, hujifunza pia kubadili njia ghafula wasiwagonge wengine.

Pengine mtaniuliza, Je, kazi yote hii ina faida gani? Katika jozi zile 24, kama nusu yake zitakwenda nyumbani baada ya duru ya kwanza, na baadhi yao wamefanya kazi miaka mingi. Hapana mwamuzi ajaye uwanjani kuwaeleza sababu. Jibu langu ni kwamba walio wachezaji kweli huonekana kesho yake. Hurudi mbele ya kioo, wakaanza tena na hatua ya msingi: kipigo cha pili, cha tatu, cha nne. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tena ainame siku ambayo hapana amtazamaye.