Kipimo cha Mapafu kwa Mwombaji wa Zimamoto: Kinapima Nini, na Ujiandae Vipi

Tarehe 6 Novemba, 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walifariki. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyekuwa miongoni mwa waliowahi kufika kuokoa, baadaye alichukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tangu hapo, ukiuliza darasani Bukoba au Muleba nani anaitaka kazi hiyo, mikono inayonyooshwa ni mingi. Wote wanajua habari ya cheti cha kidato cha nne. Wachache wanajua kwamba mapafu nayo yanaweza kufanyiwa mtihani.

Matangazo ya ajira ya jeshi hilo hutaka afya njema iliyothibitishwa na daktari wa serikali. Daktari anapotaka kujua mapafu yanafanyaje kazi, hutumia kifaa kiitwacho spirometa. Katika nchi kama Uingereza na Marekani, kipimo hiki ni sehemu ya kawaida ya uchunguzi wa askari wa zimamoto. Na si kipya: mwaka 1846 daktari Mwingereza John Hutchinson alieleza spirometa aliyoibuni na vipimo vya watu zaidi ya 2,000, wakiwemo wazima moto. Aligundua kwamba hewa mtu anayoweza kutoa huongezeka kadiri ya urefu wake.

Rudi kwenye mada ya ubadilishanaji wa gesi. Ukipumua kawaida unaingiza na kutoa karibu nusu lita. Ukivuta hadi mwisho kisha ukatoa yote kwa nguvu, hutoka lita kadhaa, na bado hubaki zaidi ya lita moja isiyotoka kamwe. Spirometa inatazama mambo mawili: jumla ya hewa uliyoitoa kwa nguvu (kwenye karatasi ya majibu huandikwa FVC), na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza (FEV1). Jumla ikiwa ndogo kuliko inavyotarajiwa, huenda mapafu hayatanuki vizuri. Kiasi cha sekunde ya kwanza kikiwa kidogo ukilinganisha na jumla, mirija ya hewa imebana.

Hapa ndipo wanafunzi hukosea. Wanadhani mapafu hukuzwa kwa mazoezi ya wiki mbili, kama wanavyokariri usiku wa kuamkia mtihani. Kupanda vilima vya Kamachumu kila asubuhi kutaimarisha moyo na misuli, na zimamoto utavihitaji, lakini ukubwa wa mapafu yako unategemea zaidi urefu, umri na jinsia. Ndiyo maana matokeo yako hulinganishwa na ya watu wanaofanana nawe, si ya jirani yako kwenye foleni. Kinachoandalika ni siku yenyewe na namna ya kupuliza.

Siku hiyo usivute sigara. Kama wewe ni mvutaji, iwe angalau saa moja kabla, ingawa ningependa iwe miaka yote iliyobaki. Usinywe pombe saa nane kabla. Usiende mbio kuwahi kipimo, usile ukashiba sana saa mbili kabla, na usivae nguo inayobana kifua au tumbo. Ukiwa na mafua makali au kikohozi, omba tarehe nyingine. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipelekwe kwanza kupimwa kifua kikuu. Mweleze daktari pia kama umefanyiwa upasuaji wa kifua, tumbo au macho hivi karibuni.

Chumbani utaketi wima, miguu sakafuni, pua imebanwa kwa kibanio. Vuta hewa mpaka isiingie tena, ziba bomba kwa midomo, kisha itoe yote kwa kishindo. Usipulize kama anayechochea moto wa kuni, polepole na kwa mafungu. Endelea hata ukihisi imekwisha, mpaka mpimaji aseme basi. Wengi huacha mapema, na namba zao hushuka ilhali mapafu ni mazima. Utarudia hadi yapatikane majaribio matatu mazuri, na mawili bora yasipishane zaidi ya lita 0.15. Kizunguzungu kidogo ni kawaida. Pumzika kabla ya kurudia.

Sasa suala la pumu. Wapo wanaoificha, wakavuta dawa yao asubuhi ili namba zipendeze. Namba zinaweza kupendeza kweli, lakini moshi utaikuta mirija ileile. Askari huingia kwenye jengo linaloungua akiwa na mtungi wa kilo 10 hivi au zaidi mgongoni (ndani yake mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu, msikosee kwenye mtihani). Pumu ikimbana humo, mwenzake atalazimika kuacha kuokoa wengine ili amtoe yeye. Sema ukweli, taja dawa zako, na uulize kama uziache kabla ya kipimo; usiziache kwa uamuzi wako. Vilevile sema kama uliwahi kuugua kifua kikuu, maana huweza kuacha makovu, au kama umekua ukipika kwenye jiko la kuni lisilo na dirisha au ukibanika samaki ziwani.

Swali la kujipima: Mwombaji ametoa jumla ya lita 4.0, na katika sekunde ya kwanza lita 2.4. Tafuta uwiano na ueleze maana yake.

Jibu: 2.4 ÷ 4.0 × 100 = 60%. Kwa kijana tungetarajia karibu 80% au zaidi, hivyo mirija yake inaelekea imebana. Daktari anaweza kumpa dawa ya kutanua mirija, asubiri kama dakika 15, ampime tena. Namba zikipanda sana, pumu inashukiwa, na pumu hudhibitiwa kwa dawa.