Wagonjwa wa akili na walevi: juu ya uuguzi wa nyumba kwa nyumba

Katika kila parokia yetu wako watu ambao hawaonekani katika Misa ya Siku ya Mungu, wala majina yao hayasomwi katika daftari za mashirika. Yuko yule anayezunguka sokoni akizungumza peke yake. Yuko kijana aliyefungwa katika nyumba ya nyuma, ambaye jirani wanamjua kwa sauti yake tu. Yuko mama aliyezaa juzi, na tangu siku ile hataki kula wala kumtazama mtoto wake. Yuko baba anayekunywa kanyanga tangu asubuhi, hata mshahara unakwisha mbele ya mwezi. Wakristu wanawajua wote. Lakini mara nyingi padri anaitwa mwisho kabisa, na katekista anaulizwa swali moja tu: Je, ni pepo?

Swali hili lina mahali pake, nasi tutalirudia. Lakini swali la kwanza ni lingine: Nani anamwuguza mtu huyu? Tunataka kueleza hapa uuguzi unaomfuata mgonjwa kwao, katikati ya jamaa yake, na kuonyesha sehemu ambayo padri na katekista wanaweza kushika katika kazi hiyo.

I. Magonjwa haya ni ya namna gani?

Mtu ni mmoja, mwili na roho. Akili yake hutumia kiungo cha mwili, ndicho ubongo, na ubongo unaweza kuugua sawa na moyo au maini. Tukitazama wagonjwa wanaofika kwa wauguzi wa akili katika inchi zetu, tunaweza kuwaweka katika mafungu manne.

Kwanza, wale wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au wanaoamini kabisa kwamba jirani wanawawinda ili wawaue. Ugonjwa huu huanza mara nyingi katika ujana, mbele kidogo au nyuma kidogo ya miaka 20. Ndiyo sababu unaweza kuonekana hata katika seminari.

Pili, wale wenye huzuni nzito isiyoondoka. Hawalali, hawali, wanajiona si kitu, na pengine wanatafuta kufa. Katika mashariki ya Kongo, ambako watu wengi wameona vita, kukimbia na kutendewa jeuri, fungu hili ni kubwa.

Tatu, wale waliokuwa watumwa wa pombe, wa bangi au wa dawa nyingine za kulevya.

Nne, wenye kifafa. Kifafa si wazimu, ni ugonjwa wa ubongo. Lakini kwetu wenye kifafa hupelekwa kwa wauguzi hawa hawa. Hapa tuseme wazi: kifafa hakiambukizi. Povu la mgonjwa halina sumu. Mtoto akianguka motoni na watu wakaogopa kumgusa, si ugonjwa uliomwunguza, ni woga wetu.

II. Namna uuguzi huu ulivyoanza

Ubeljiji kuna mji uitwao Geel. Mapokeo yanasimulia kwamba Mtakatifu Dimfna, binti wa mfalme wa Irlandi, aliuawa pale na baba yake aliyerukwa na akili. Tangu zamani za Karne za Kati watu wakapeleka wagonjwa wao wa akili kusali katika kanisa lake. Nyumba ya wagonjwa iliyojengwa kando ya kanisa ikajaa. Basi wenyeji wakaanza kuwapokea wageni hao katika nyumba zao, wakala nao na kulima nao. Wengine walikaa miaka mingi katika jamaa moja, wakarithiwa na watoto kama mtu wa nyumba. Serikali ilitwaa usimamizi wa kazi hiyo mwaka 1850, na mwaka 1938 wagonjwa waliokaa katika nyumba za watu wa Geel walipita 3,700. Leo hesabu imepungua sana, lakini desturi haijafa. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika kati ya mifano mizuri ya kulinda urithi wa watu.

Jambo moja la Geel litushangaze: kwa desturi, jamaa haikuambiwa jina la ugonjwa wa mgeni wake. Iliambiwa tu mambo ya kuangalia. Hivi walimpokea mtu, si jina la ugonjwa.

Mahali pengi pengine mambo yalikwenda vingine. Katika karne ya 19 zilijengwa nyumba kubwa za wagonjwa wa akili, zenye kuta ndefu, mbali na miji. Waliozijenga walikuwa na nia njema, lakini wagonjwa wengi waliingia pale wasitoke tena. Mwaka 1952, huko Paris, waganga Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba dawa ya klorpromazini yaweza kutuliza sauti na fujo za akili. Tangu pale wagonjwa wengi waliweza kurudi kwao. Lakini ikaonekana upesi kwamba mtu akirudi bila wa kumfuata, anaacha dawa na kuanguka tena. Kwa hiyo mwaka 1954 hospitali ya Warlingham Park, Uingereza, iliwatuma wauguzi wawili watoke nje ya kuta na kuwatembelea wagonjwa nyumbani. Uuguzi wa akili wa nyumba kwa nyumba ulipata hapo mwanzo wake kama kazi yenye jina.

III. Katika inchi zetu

Mafrère de la Charité, shirika lililoanzishwa na Kanoni Petrus Jozef Triest mjini Gent mwaka 1807, wamefanya mengi kwa wagonjwa wa akili katika eneo la Maziwa Makubwa. Ndera, karibu na Kigali, hospitali yao ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1972. Wanayo kazi hiyo pia Bujumbura, pale Kamenge. Kwetu Kongo watu wa Bukavu wanajua SOSAME, na watu wa Goma wanajua Tulizo Letu.

Afrika ya magharibi kuna mfano wa mlei mmoja. Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin, alikuwa fundi wa mipira ya magari kule Côte d'Ivoire. Mwaka 1983 alianzisha kikundi cha sala na cha kutembelea wagonjwa mjini Bouaké, ambacho kikawa shirika la Mtakatifu Kamilo. Baadaye aliwaona wagonjwa wa akili waliofungwa kwa minyororo na kwa magogo, akaanza kuwafungua. Hakuishia hapo. Alisimamisha nyumba za kuwatunza, tena vituo vidogo karibu na vijiji, ambapo aliyepona anarudi kutwaa dawa yake bila safari ndefu. Na kati ya wanaowatunza wengine wako waliokuwa wagonjwa wenyewe.

Wenye elimu ya magonjwa haya ni wachache sana Kongo, na wengi wao wanakaa katika miji mikubwa. Kwa hiyo kazi yote haiwezi kungoja munganga mkubwa. Yapasa infirmier wa dispanseri afundishwe kutambua magonjwa haya na kuyafuata, na yule wa mbali amsaidie kwa mashauri.

IV. Mwuguzi anafanya nini anapofika nyumbani?

Mtu akimwona ameketi chini ya mwembe akizungumza na jamaa, aweza kudhani anapiga masimulizi tu. Kumbe yuko kazini. Anatazama: mgonjwa ameoga? Analala usiku? Anakula pamoja na wengine, au anapelekewa chakula nyuma ya nyumba? Anauliza juu ya sauti, na juu ya mawazo ya kujiua. Wengi huogopa kuuliza hivyo, wakidhani watamtia mgonjwa wazo lile. Si kweli. Aliye na wazo hilo mara nyingi anapata nafuu akiulizwa kwa upole.

Tena anahesabu vidonge vilivyobaki. Dawa hizi zinaweza kuleta taabu zake: mikono inatetemeka, shingo inakaza, mate yanatoka, usingizi unazidi. Jamaa ikiona hivyo inasema: «Wamempa sumu», inazitupa, na baada ya majuma machache ugonjwa unarudi. Mwuguzi anayefika kwa wakati anaweza kupatana na munganga wapunguze kipimo au wabadili dawa. Kwa wengine iko sindano inayodumu mwilini majuma mawili hata manne, nayo inafaa sana kwa asiyeweza kukumbuka vidonge kila siku.

Mwisho anaitazama jamaa yenyewe. Mama anayemwuguza kijana wake miaka kumi amechoka. Naye anahitaji wa kumsikiliza. Ugomvi na matukano ya kila siku humrudisha mgonjwa nyuma. Kazi ndogo anayoiweza, kama kuteka maji, kupalilia au kuchunga mbuzi, humsogeza mbele.

V. Juu ya walevi

Tumezoea kumhubiri mlevi, na dhambi katika ulevi iko kweli. Lakini mwili wa mnywaji wa siku nyingi umezoea pombe hata hauwezi tena kukaa bila hiyo. Akiacha kwa mara moja, baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuanguka kama mwenye kifafa, kuona vitu visivyopo, na hata kufa. Kwa hiyo yule anayekunywa sana kila siku, akija kwako akisema: «Padri, tangu leo naacha», msifu, kisha mpeleke kwa infirmier siku ile ile. Kumfungia katika chumba cha sala, na kumwamuru afunge kula, ni kumweka katika hatari ya kweli. Yeye anahitaji maji, chakula, vitamini B1 na dawa za kumtuliza kwa siku chache.

Siku hizo zikipita, kazi kubwa ndiyo inaanza. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili waliosaidiana kuacha pombe, mmoja wao munganga Bob Smith, walianzisha mikutano ambayo imeenea duniani kwa jina la Alcoholics Anonymous. Mwaka 1939 mtawa mmoja, Sista Ignatia, alianza pamoja na munganga huyo kuwapokea walevi katika hospitali ya Mtakatifu Tomasi ya mji ule, wakati hospitali nyingi zilikuwa zikiwakataa. Msingi wa mikutano ile ni mwepesi: aliyeacha pombe anamsaidia anayetaka kuacha, siku kwa siku. Akianguka tena, hafukuzwi, anaanza upya. Mashirika yetu ya mtaa yanaweza kufanya vivyo hivyo, kama walevi wawili watatu waliobadilika wanapewa nafasi ya kukutana.

VI. Sehemu ya padri na ya katekista

Kwanza, tusiharakishe kutaja pepo. Katekisimu ya Ekleziya Katolika, katika nambari 1673, inatofautisha wazi magonjwa ya akili na kupagawa, na kusema kwamba kuyaponya ni kazi ya elimu ya uganga. Kanuni 1172 ya Sheria ya mwaka 1983 inakataza kumpunga aliyepagawa bila ruhusa ya pekee ya Askofu wa mahali. Kumwombea mgonjwa kunaruhusiwa siku zote. Kumpiga, kumfunga na kumnyima chakula kwa jina la sala hakuruhusiwi kamwe.

Pili, tusitenganishe sala na dawa. Katekista akisema neno moja katika shirika: «Meza dawa yako, tunakuombea», ameondoa mzigo mkubwa. Akisema: «Mwenye imani hana haja ya vidonge», anaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Tatu, tuseme na jamaa juu ya minyororo. Wengi wanafunga kwa hofu, si kwa chuki: mgonjwa alichoma nyumba, au alipotea porini siku tatu. Kuwakaripia hakutoshi. Tuulize wanaogopa nini, tumwite mwuguzi, tukae nao mpaka dawa imeshika. Tena wakumbushwe kwamba wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Mara nyingi zaidi ni wao wanaopigwa.

Ine, tuwape nafasi katika kanisa: benchi, Sakramenti kadiri wanavyoweza kuzipokea, kazi ndogo ya mikono. Aliyepona asiitwe tena «yule kichaa». Na kwa waliojiua, tukumbuke kwamba Katekisimu, nambari 2282 na 2283, yasema taabu kubwa za akili hupunguza hatia, na Ekleziya inawaombea. Tusiinyime jamaa maombi hayo.

Ndugu wataniuliza: Jamaa maskini itaweza mzigo huu? Peke yake, haiwezi. Ndiyo sababu tunasema juu ya mwuguzi, juu ya shirika, juu ya parokia. Marko Mtakatifu, sura ya 5, anasimulia habari za mtu aliyekaa makaburini, ambaye wenyeji walijaribu mara nyingi kumfunga kwa minyororo. Hatusemi kwa sababu hiyo kwamba kila mgonjwa ana pepo. Tunatazama mwisho wake. Mtu yule, akiisha kuvaa nguo na kupata akili zake, alitaka kumfuata Yezu. Yezu hakumkubalia, alimtuma nyumbani, kwa watu wake. Watu wale wale waliozoea kumfunga walipaswa sasa kumpokea.

Basi, kila anayetumwa katika parokia afanye mambo matatu katika mwezi wa kwanza. Ajue infirmier gani wa mahali pale amefundishwa juu ya magonjwa ya akili, na kama hakuna, aliye karibu anakaa wapi. Aulize katika kila shirika wagonjwa hao ni nani, hasa waliofichwa. Kisha aende pamoja na infirmier katika nyumba ya kwanza, aketi, na kumsalimu mgonjwa kwa jina lake la ubatizo.