Furaha Haiishi na Ujana

Mwaka huu nimetimiza miaka 48. Kazi ninayo, watoto wasoma, afya alhamdulillahi. Lakini ziko asubuhi naamka na uzito moyoni nisioujua chanzo chake. Nikadhani ni mimi peke yangu.

Kumbe sivyo. Mwaka 2008 wanauchumi David Blanchflower na Andrew Oswald walichapisha utafiti uliotumia majibu ya watu kutoka nchi 72. Waliona kuwa katika nchi nyingi furaha hufuata umbo la bakuli: iko juu ujanani, hushuka hadi miaka ya arobaini na kitu, kisha hupanda tena.

Kwa nini hushuka? Hannes Schwandt alipochunguza takwimu za Ujerumani, aliona kuwa vijana hutarajia makubwa kuliko wanayokuja kuyapata. Wazee nao hutarajia machache, wakapata zaidi ya walivyodhani. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford aongeza jambo jengine: mtu akihisi siku zilizobaki ni chache, huacha mengi na kushikamana na wale wa moyoni mwake.

Lakini, ndugu msomaji, tusijidanganye kuwa uzee peke yake huleta furaha. Mwaka 2015 Andrew Steptoe, Angus Deaton na Arthur Stone waliandika katika jarida la Lancet kuwa bakuli hilo laonekana katika nchi tajiri zinazozungumza Kiingereza. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara, kuridhika na maisha kulikuwa chini kwa vijana, na kwa wazee kukabaki papo hapo.

Wazee wetu wengi hawana pensheni. Pensheni yao ni sisi. Nasi twadhani kutuma pesa kwa M-Pesa kwatosha. Mamangu yuko Mji wa Kale, amepita miaka 70. Pesa hazijakatika hata mwezi mmoja. Lakini tangu Idi sijaketi naye barazani, na kutoka kwangu hadi kwake ni matatu moja tu.

Juzi nilimpigia simu nikamuuliza ahitaji nini. Akanijibu, "Sihitaji kitu, mwanangu. Waja lini?"

Jumamosi nitakwenda, na mahamri mkononi. Huenda hata uzito wangu ukapungua.