Eropleni Bila Injini: Bawa Gani kwa Upepo Gani?

Katika vilima kama vya Ntimaru, Kaunti ya Migori, mwewe huweza kukaa angani muda mrefu bila kupiga mabawa. Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nini kinachomshikilia?

Jibu ni upepo. Upepo ukigonga mteremko, hauna budi kupanda juu. Chochote kinachoshuka polepole kuliko hewa inavyopanda hakitaanguka. Ng'ambo ya mpaka, huko Serengeti, mtaalamu Colin Pennycuick alitumia eropleni ya kuelea, yaani glaida, iliyokuwa na injini ndogo, kuwafuata tumbusi miaka ya 1970 ili ajue wanavyopaa.

Wewe pia waweza kuunda glaida ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Swali kubwa ni bawa, kwani hakuna bawa moja lifaalo kila upepo.

Bawa refu, jepesi, lenye ncha zilizoinuliwa, hufaa upepo hafifu. Huenda polepole na hujiweka sawa lenyewe likiyumba, basi ndilo la mwanafunzi. Bawa jembamba na zito kidogo hupasua upepo mkali kwa kasi, lakini humtaka rubani mwepesi wa mikono. Aina ya tatu ni bawa tupu lisilo na mkia. Hili ni rahisi kuunda na halivunjiki ovyo likianguka, ila uzito wake ukikosewa kidogo tu, halitulii.

Kwa hiyo pima kabla ya kurusha. Inua glaida kwa vidole viwili chini ya mabawa. Yenye mkia yapasa kutulia vidole vikiwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Isiyo na mkia huhitaji vidole vikae mbele zaidi. Mkia ukilemea, sogeza betri mbele au ongeza uzito puani.

Wazazi, msikimbilie kununua rimoti. Ile plastiki nyeupe nyepesi inayokinga televisheni mpya ndani ya katoni hutosha kwa glaida ya kurusha kwa mkono. Mtoto akiweza kuifanya iende sawa, ndipo mfikirie vifaa vya bei. Kazi ya wembe iwe ya mtu mzima.

Mlimani, rusha ukiuelekea upepo, na kila unapokata kona, geuza pua mbali na mlima. Usiipeleke nyuma ya kilele, kwani huko hewa huvurugika na kuivuta chini. Watu na mifugo wasiwe chini yake, maana pua ya glaida yenye kasi huumiza.

Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani, na Ntimaru iko karibu na mpaka wa Tanzania. Iulizeni kwanza mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, kisha mwenye shamba. Mkishapata ruhusa, rusheni majani makavu hewani muone upepo watoka wapi, ndipo mchague bawa.